Jua Halikimbizwi, Mwanangu

Mwanangu, zile stroberi kavu ulizoagiza kwa simu si kitu kibaya. Nimezionja. Rangi yake ipo, utamu upo, na ukiziweka ulimini zinalainika zenyewe. Ninachotaka tuzungumze ni yale uliyosema ulipokuwa unafungua pakiti. Ulisema zimeshakaushwa, kwa hiyo ni salama. Ulisema mtoto anaweza kuzila hivyohivyo, asubuhi na jioni, badala ya matunda mengine, maana huna muda wa kuosha wala kumenya. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Kaa kidogo. Daladala ikipita, nyingine inakuja.

Mimi nimelelewa na vyakula vikavu. Kwetu Misungwi, kama ilivyo Kwimba, Magu na Sengerema, mwaka una miezi ya viazi na miezi ya michembe. Kiazi kitamu kibichi hakikai ghalani. Kinaoza. Ukikiacha shambani, ardhi inapasuka kiangazi na fukusi wanakifuata humohumo udongoni. Kwa hiyo mvua zikikatika, akina mama wanachimba, wanamenya, wanakata vipande na kuanika. Vikianikwa vibichi ni michembe. Vikichemshwa kwanza, vikamenywa na kukatwa ndipo vikaanikwa, ni matobolwa. Vyakula hivyo viwili ndivyo vilivyotuvusha mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado yako shambani. Nilikwenda shule matobolwa yakiwa mfukoni. Nilitafuna njiani, nikatafuna na darasani mwalimu akigeuka.

Basi nikueleze stroberi zako zimefanywa nini, kisha utaona zinakutana wapi na michembe ya bibi yako.

Stroberi mbichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi. Kiwandani wanazigandisha kwanza mpaka maji yaliyomo ndani yawe barafu ngumu. Kisha wanaziingiza kwenye chombo kilichofungwa, wananyonya hewa, na kuzipasha moto kidogo tu. Barafu ile inageuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia kuwa maji. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingi siku nzima na zaidi. Kwa kuwa moto wake ni mdogo, tunda halinywei, na sehemu kubwa ya vitamini C inabaki. Jua letu haliwezi hilo. Embe likikaa juani siku tatu, vitamini C nyingi imekwenda. Nyuzinyuzi hubaki kwa njia zote mbili, nazo ndizo zinazolisaidia tumbo.

Usidhani ni jambo la viwanda peke yake. Kwenye milima ya Andes, Peru na Bolivia, wenyeji waliacha viazi mbatata nje usiku vigande kwa baridi kali. Mchana walivikanyaga maji yatoke, wakavianika. Walifanya hivyo tangu kabla ya Wahispania kufika kwao. Watu wenye baridi walitumia baridi. Sisi wenye majabali na jua tulitumia majabali na jua.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penyewe. Kukausha hakusafishi chakula. Kunakisimamisha tu pale kilipofika. Kilichokuwa kizuri kinasimama kikiwa kizuri, na kilichokuwa kichafu kinasimama kikiwa kichafu. Vijidudu havizaliani bila maji, lakini vingi havifi. Vinangoja.

Unadhani nakutisha? Umempeleka mtoto kliniki. Umemwona nesi anavyochukua kichupa chenye unga, anaongeza maji yake, anatikisa, ndipo anachoma sindano ya surua. Unga ule ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Vimekaushwa kwa njia hiyohiyo ya stroberi zako, na vimekaushwa hivyo makusudi, ili vibaki hai mpaka vifike Ukerewe au Ukara kwa boti. Na nesi akishachanganya na maji, hana ruhusa ya kuvitumia muda wa saa sita ukishapita. Anavitupa. Kwa nini? Kwa sababu kikavu kikishalowa, saa yake imeanza kuhesabu upya.

Kwa chanjo, hiyo ni neema kubwa. Kwa tunda lililooshwa kwa maji machafu, au lililochumwa na mikono michafu, ni hatari. Mwaka 2012, mashariki mwa Ujerumani, watu karibu 11,000, wengi wao watoto wa shule na chekechea, walitapika na kuharisha kwa sababu ya stroberi zilizogandishwa. Zilikuwa zimetoka China. Zilikuwa na virusi vinavyoitwa norovirusi, na barafu haikuvifanya kitu. Zile zilikuwa za barafu tu, hazikukaushwa. Lakini kama barafu haikuua, na kukausha kwa barafu hakuna moto wa kutosha kuua, basi unaona mwenyewe.

Kwa hiyo stroberi za mtoto usimpe mkavumkavu. Zisage ziwe unga, uzitie kwenye uji ukiwa bado jikoni, uchemke. Ndiyo, vitamini C kidogo itapotea. Acha ipotee. Mtoto mdogo akiharisha anapoteza zaidi ya hiyo. Tena kipande kizima, hata kikiwa chepesi, kinaweza kumpalia ambaye bado hajui kutafuna. Na mara ya kwanza mpe kidogo sana, umwangalie ngozi na pumzi, maana wapo watoto ambao stroberi huwatoa vipele.

Wewe mtu mzima kula, lakini kwa kiasi. Kilo moja ya kavu imetoka katika kilo kama kumi za mbichi. Sukari yote ya zile kumi imo humo, na tumbo halijazwi na maji ili likuambie imetosha. Matobolwa ni hivyohivyo. Kilo tatu au nne za viazi zinarudi kilo moja, na sisi watoto tulikula konzi baada ya konzi bila kujua tumekula kiazi kizima cha ukubwa wa kichwa. Baba yako mdogo, mwenye kisukari, alikatazwa soda akatii. Jioni akakaa barazani na bakuli la matobolwa, akishangaa kipimo kinapanda. Hakuna aliyemwambia. Mimi pia sikumwambia, na ni mimi niliyekuwa najaza bakuli. Niliona ni chakula cha nyumbani, nikadhani cha nyumbani hakidhuru. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ukila vikavu, kunywa maji pamoja navyo, na usukutue. Vinanata kwenye meno.

Na mapera usiyaache. Gramu 100 za stroberi mbichi zina miligramu zipatazo 60 za vitamini C. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya 200. Yanauzwa kwenye ndoo pale stendi, yanaanguka kwenye miti ya jirani, watoto wanarushiana. Kwa bei ya ile pakiti yako ungenunua mapera ya wiki nzima. Sikukatazi pakiti. Nasema mapera yasikosekane kwa sababu ya pakiti.

Nikuambie sasa kuhusu haraka yangu mimi.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Michembe ile ilikuwa ya kwanza niliyoanika peke yangu kwa mama mkwe, na nilitaka aone kwamba mkamwana ana mikono. Nilichimba, nikamenya, nikakata. Vipande vyangu vilikuwa vinene, kwa sababu kukata vyembamba kunachosha mkono. Nikapanda navyo kwenye jabali la nyuma ya nyumba. Unalijua jabali la kwetu lilivyo mchana: huwezi kukanyaga bila viatu. Michembe inaanza kukunja kingo siku ileile.

Kanuni niliijua. Unaanika asubuhi umande ukishakauka. Jioni unakusanya kabla umande haujashuka, unafunika ndani. Kesho unarudia, na keshokutwa, mpaka kipande ukikikunja kinavunjika kwa mlio. Kikipinda, bado. Nilikunja, kikapinda. Nikasema itamalizia kukauka humo guniani. Siku ya pili yake kulikuwa na mnada, na wenzangu walikuwa wananingoja twende. Nikajaza salfeti, nikashona mdomo, nikaliegemeza ukutani, chini, juu ya udongo. Nikaenda mnadani.

Mvua zilipoanza, mama mkwe akaniomba michembe ya kupika na karanga. Nilipokata uzi, joto lilinipiga usoni. Kulikuwa na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Vipande vya juu vilikuwa na vumbi la kijani, na vya katikati vilikuwa vyeusi vimeshikana. Unajua nilifanya nini? Nilipangusa. Nilichukua kitambaa nikapangusa ukungu kipande kwa kipande, nikavirudisha juani, na jioni nikavipeleka jikoni. Nikamwambia ukungu ulikuwa wa juu tu.

Alinusa. Akatoka na lile salfeti lote, akalimwaga kwenye shimo na kulifukia. Hata kuku hakuwaachia. Nilimnunia. Niliona ni mwanamke mkali anayetaka kunifedhehesha. Tulipofika mwezi wa pili tukawa tunanunua michembe kwa majirani kwa debe, kwa bei waliyotaka wao, na mimi bado namnunia.

Yeye hakuwahi kusikia neno sumukuvu. Mimi mwenyewe nililisikia nimeshazeeka, mwaka 2016, redio iliposema watu wanakufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu ya ukungu. Walikufa wapatao 20. Sumukuvu ni kitu kinachotengenezwa na ukungu wa aina fulani, na makao yake makubwa ni mahindi na karanga, lakini ukungu huo huweza kumea hata juu ya michembe na makopa ya muhogo yaliyofungwa yakiwa na unyevu. Ukipangusa, unaondoa unaouona. Sumu imeshaingia ndani. Ukichemsha, haitoki, inavumilia moto wa jikoni. Kwa wingi inaua ini haraka. Kidogokidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini. Na ng'ombe akila pumba zenye sumu hiyo, inapita kwenye maziwa. Nilipolisikia lile la maziwa, nilimkumbuka mama mkwe na kuku wake. Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba nimeelewa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinunua michembe pale Igoma au Kisesa, usione haya kukunja kipande mbele ya muuzaji. Muuzaji mwema hachukii. Nusa. Angalia madoa meusi na unga wa kijani. Angalia vitundu. Kiazi kilichotobolewa na fukusi kabla hakijakatwa huwa kichungu, na uchungu ule hauondoki kwa moto, maana ni kinga ambayo kiazi chenyewe kilijitengenezea dhidi ya mdudu, nayo si ya kuliwa. Karanga za kupikia nazo zichambue moja moja. Iliyonywea, iliyobadilika rangi, iliyovunda, itupe. Usiisage ukadhani itafichika kwenye supu.

Nyumbani, usiweke chini. Weka juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta. Chumba ulichopanga kiko karibu na ziwa, na hewa yake ina maji hata kiangazi. Chombo chenye mfuniko unaobana ni bora kuliko salfeti, mradi kilichomo kimekauka kweli. Kikiwa na unyevu, mfuniko unaobana ndio utakaokiozesha. Hata hizo stroberi: nimeona umeacha pakiti wazi juu ya meza. Zimeanza kulegea. Zile hunyonya unyevu kuliko michembe, saa chache tu zinatosha. Zibane, uzimalize mapema.

Kuna jambo jingine la ghalani ambalo lazima nilitaje, maana linafanyika na watu wanalificha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tabora mdudu mdogo kutoka Amerika, dumuzi. Alisambaa nchi nzima. Watu wengine walimwita Skania, kama yale malori, kwa jinsi alivyokuwa anabomoa ghala. Alikula mahindi, na makopa, na michembe, akaacha unga mtupu. Serikali ikaleta dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi, na ilisaidia. Lakini wapo waliochukua ile ya mahindi wakainyunyizia michembe. Mahindi yanapepetwa, yanaoshwa, yanakobolewa. Michembe mtoto anaichomoa guniani akaitafuna hapohapo, na matobolwa ndiyo kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia michembe yenye vumbi jeupe lisiloeleweka, usinunue, hata akiapa ni unga wake wenyewe. Mama yangu alitegemea kukausha sawasawa, na kila baada ya wiki kadhaa kuitoa yote juani tena, kuipepeta na kufagia kihenge. Ni kazi ya siku nzima. Hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifaa.

Dagaa nao ni wakavu, na nisipowataja watu wa soko la Mwaloni watanishangaa. Wanavuliwa usiku wa giza, taa zikiwaka ziwani kama mji mwingine, na asubuhi wanaanikwa. Anayeanikwa mchangani anakuja na mchanga, na kinyesi cha ndege, na chochote kilichopita pale ufukweni. Anayeanikwa juu ya chanja, kwenye wavu ulioinuliwa, ni msafi na anakauka pande zote mbili. Bei yake imezidi kidogo. Lipa. Ukimla mzima na mifupa yake unapata kalsiamu ambayo mtoto na mama anayenyonyesha wanaihitaji sana. Mwoshe kwa maji ya moto zaidi ya mara moja, umpike aive. Msimu wa mvua kuwa mwangalifu zaidi: wengi hulowa kabla hawajakauka, wakaanza kuoza, kisha jua likarudi likawakausha na uozo wao. Harufu itakuambia.

Na udaga wa muhogo. Hapa sitaki mchezo. Muhogo mchungu una sumu ambayo jua peke yake haliitoi yote. Ndiyo maana wazee waliuvundika au kuuloweka siku kadhaa kabla ya kuanika. Mwaka 1985, huko Tarime, kulikuwa na njaa ya ukame, na watu waliopungukiwa chakula walifupisha siku zile. Watoto na akina mama walipooza miguu. Waliamka asubuhi wakashindwa kutembea sawasawa, na kwa ugonjwa huo, unaoitwa konzo, miguu hairudi. Sikulaumu wenye njaa. Lakini wewe huna njaa, mwanangu. Una haraka tu. Anayekuuzia unga wa muhogo mwulize aliuvundika au aliuloweka siku ngapi. Asipojua, nunua kwa anayejua.

Nirudi kwenye viazi, maana huko kuna furaha.

Viazi vya zamani vya kwetu vilikuwa vyeupe. Vilishibisha, lakini vitamini A havikuwa nayo ya maana. Siku hizi kuna viazi lishe, vya rangi ya machungwa. Pale Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti, na kwa mradi ulioitwa Marando Bora kuanzia mwaka 2009, mbegu zake zilisambazwa kanda yetu yote ya Ziwa. Mganda mmoja, Robert Mwanga, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuzalisha viazi vya rangi. Nilifurahi sana kusikia. Tuzo kubwa kama ile, kwa kiazi! Mtoto mdogo akila gramu 125 za kiazi hicho kilichopikwa, mahitaji yake ya vitamini A kwa siku yametimia. Ni kiazi kimoja kidogo. Vitamini hiyo inalinda macho, na inamsaidia kupigana na surua na kuhara.

Nilipopata marando yake nilifanya kosa la pili la maisha yangu ya michembe. Nilikausha mingi, safari hii ikavunjika kwa mlio, nikaihifadhi vizuri. Nikasema hii ni dawa, tuiweke mpaka njaa. Kumbe watafiti waliopima viazi hivyo Uganda na Msumbiji waliona kwamba jua lenyewe halili sana. Ghala ndilo linalokula. Baada ya miezi minne zaidi ya nusu ya vitamini A imekwisha, hata kama kipande bado kina rangi na utamu. Mtaalamu wa kilimo alinieleza hivyo akiwa amekaa barazani kwangu, na gunia langu likiwa nyuma yake, la miezi minane. Kwa hiyo michembe ya rangi iliwe mapema, gizani ikae, isikae juani dukani wiki baada ya wiki ili ipendeze. Michembe myeupe ndiyo ya kuvukia njaa. Kuna wakati wa kusubiri na kuna wakati wa kula, na mimi nilivichanganya.

Lakini kwenye upishi wetu wa zamani sikuona kosa. Michembe kwa karanga. Vitamini A inataka mafuta ili mwili uichukue, na karanga ndizo mafuta yenyewe. Bibi zetu hawakujua vitamini. Walijua mtoto aliyekula hivyo ananawiri.

Unaweza kuipika hata na kazi zako. Usiku ioshe, iloweke kwenye maji safi, uifunike. Lakini usiiloweke mchana kutwa kwenye joto ukarudi saa mbili usiku. Kumbuka kile kichupa cha kliniki: ikishalowa ni mbichi, na inaharibika kama mbichi. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha mpaka ilainike, tia karanga zilizosagwa, koroga isishike chini. Saa moja inatosha. Saa hiyo unaweza kujiandaa, kumwogesha mtoto, kusali. Huhitaji kusimama juu ya sufuria.

Mtoto akishatimiza miezi sita, maana kabla ya hapo ziwa la mama linamtosha, saga michembe ya rangi iwe unga laini umpikie uji. Unga usage kidogo kidogo, wa wiki moja, usisage wa mwezi. Karanga zilizosagwa vizuri, robo ya kijiko kwanza, uone kama zinamkubali, kisha ongeza siku kwa siku. Dagaa mmoja mmoja waliosagwa na kuchekechwa. Siku nyingine badala ya dagaa weka zile stroberi zako, nazo zichemke pamoja. Pera bivu, limenywe, toa mbegu, ponda. Kikombe akikiacha nusu, usimwekee hadi jioni. Mwaga, upike tena.

Kama utataka kuuza, kama ulivyosema, sitakukataza. Vijana wengi Mwanza wanaanza na kaushio la jua, lile lenye nailoni juu na wavu ndani, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha. Matobolwa ya viazi lishe kwenye pakiti safi yangependwa mjini. Ila nenda shirika la viwango, TBS, kabla hujachapisha lebo, na uandike tarehe ya kukaushwa, ya kweli, si ya siku ulipofunga. Ukikausha embe, wengine watakushauri utie salfa ili lisibadilike rangi. Wenye pumu wanabanwa na kitu hicho. Ukiitia, iandike wazi. Na usikaushe matunda yaliyoanza kuoza eti yasipotee. Hayo ni ya shimo, kama salfeti langu.

Mwezi wa saba nitachimba yale matuta ya kando ya kisima. Njoo Jumamosi, mwenzako abaki na mtoto au aje naye. Njoo na kisu kikali. Vya kwangu vimeisha makali. Nitakuonyesha unene wa kipande, na tutapanda jabalini umande ukishakauka, si kabla.